Shule Tatu za Binti wa Isinya

Namhimidi Mungu aliyeniongezea miaka hata nikaona mambo mapya, akanipa na subira ya kuyauliza maswali.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Kitengela. Kanisa letu lilikuwa na shule ya bweni ya wasichana upande wa Kajiado, nami nilikuwa katika kamati ya kuchagua watakaoingia kidato cha kwanza. Kila mwaka watu walilalamika kwamba tunapendelea jamaa zetu. Basi mshirika mmoja, fundi wa kompyuta aliyetoka magharibi mwa Kenya, akajitolea kututengenezea programu. Tungeingiza fomu, nayo ingetupa majina.

Majina yalipotoka kwenye printa, nilitafuta la binti mmoja wa Isinya. Alama zake zilikuwa za juu, lakini hakuwemo. Baba yake, mfugaji, alikuwa ameniambia waziwazi alipoleta fomu: akikosa nafasi, wazee wa ukoo watamwoza.

"Mwalimu, kompyuta haina shemeji," mwenyekiti akanitania, na wajumbe wakacheka. "Si hilo ndilo tulilotaka?"

"Haina shemeji, lakini ina aliyeifundisha," nikasema. "Tumuulize aliifundisha nini."

Fundi hakukasirika. Akatuonyesha: mtoto aliyehama shule zaidi ya mara moja alishushwa, na fomu ya binti huyu ilitaja shule tatu.

"Mzee, kwetu mtoto wa kuhamahama shule huwa amefukuzwa," akaeleza.

Nakiri, sheria hiyo tuliipitisha sote, watu wa mishahara, nami niliinua mkono.

Jumamosi nikaenda na fundi Isinya. Tulimkuta baba akirekebisha ua wa boma kwa miiba.

"Sopa," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, Mwalimu."

Nikamuuliza habari za zile shule tatu.

"Ukame ulipotupata, nyasi zilikuwa Kimuka. Zikaisha, tukashuka hadi Rombo. Kila tulipofika, siku ya kwanza ng'ombe walikunywa maji, siku ya pili nilimpeleka huyu binti yangu shule." Akamgeukia fundi. "Kijana, hiyo mashine yako imewahi kuchunga?"

"Bado, baba."

"Basi iambie ng'ombe hawangoji muhula ufungwe."

Fundi akacheka. Binti alikuwa ameleta madaftari yake ndani ya mfuko wa unga. Fundi akayafungua moja moja. Shule tatu, mwandiko ule ule, na hakuna somo lililorukwa.

Kamati ilipokutana tena, fundi alisimama. "Mashine ilitii tu. Ni mimi niliyeifundisha kabla ya kuuliza." Akaomba tuifute sheria ile, na jina lolote lisikatwe kabla mmoja wetu hajafika nyumbani kwa mtoto. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa mwenyekiti.

Printa ikalia tena. Binti wa Isinya alikuwa wa pili, na nyuma yake waliingia mabinti wengine watatu wa wafugaji. Nilisimama palepale nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya kuripoti, baba yake alipita langoni na sanduku la bati begani, akitembea kama mtu aliyeshinda mbio.

"Mwalimu," akaniita kutoka mbali, "hapa ng'ombe hawatamhamisha tena!"

Nawe unayesoma haya, hasa ikiwa kazi yako ni kuzifundisha mashine, Mungu akupe miguu ya kwenda kuuliza kabla mkono haujaandika, na majina yote yatakayopita mbele yako yapate haki yake. Amina.