Komeo la Banda la Punda-mwitu

Mvumo wa viyoyozi ndio ninaoukumbuka kwanza. Banda la punda-mwitu lilikuwa navyo vinne. Chumba chetu kilikuwa na kimoja, tena kibovu. Baba, mtu wa Lamu aliyekulia kati ya punda, alitunza wanyama katika shamba la arbab mmoja, tajiri aliyetudhamini visa, nje kidogo ya Dubai, na likizo ile ya Agosti mimi, msichana wa miaka tisa, nilishinda naye bandani. Punda wale walitoka nyanda za juu za Asia, kwenye theluji: jike wa rangi ya kahawia mwenye tumbo jeupe, na mwanawe. Walinuka majani makavu na jasho, na hakuna aliyewahi kuwagusa.

Adhuhuri moja viyoyozi vikazimika vyote. Haukupita muda yule mdogo akalala chini, akihema. Daktari wa wanyama alisema kwa simu kwamba yuko njiani, mtu asiingie. Baba hakumsikiliza. "Punda ni punda," akaniambia. "Nikimbeba mwana, mama atafuata mpaka banda la pili. Ndivyo tufanyavyo Lamu." Akaniweka mlangoni nishike komeo, akaingia.

Husemwa fadhila za punda ni mateke, lakini punda wa kwetu hukutisha kwanza. Yule jike hakutisha. Alimpiga baba ukutani, nikasikia mfupa wa mguu ukivunjika. Mwana alimponyoka mikononi, na jike akageuka kumrudia baba pale chini. Nyuma yangu lango la shamba lilikuwa wazi, na mbele yake barabara kuu. "Usifungue, mwanangu," baba alisema. "Akitoka huyo, visa yetu khalas." Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye. Nikafungua.

Jike alinipita na mwanawe nyuma yake, wakatokomea mchangani. Walipatikana jioni, wazima. Lakini kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumerudishwa Lamu, baba akitembelea magongo.

Leo naishi tena Dubai, mtaa wa Jumeirah Village Circle, ambako binti yangu hajaona mnyama mkubwa kuliko paka. Miaka yote niliamini ni mimi niliyetufukuzisha. Siku nilipopata visa yangu nilimpigia baba, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, "ila guu lililovunjika ni la mkuu mwenyewe. Nilikwambia usifungue. Kila nikiswali, namshukuru Mungu hukunisikia."