Mtutu wa Gobole Langu Umegeuka Jembe

Leo asubuhi nimepoteza shibiri mbili za mtutu wa gobole la marehemu babu.

Sikuibiwa. Zimekatwa!

Nilimpa Simoni, mhunzi wa Muze, aurekebishe ulipoliwa na kutu. Nilimpa shibiri sita, amenirudishia nne.

"Kaka, palipooza nimepaondoa," akasema. "Chuma chake nimekufulia jembe. Bure!"

Jembe! Nguruwe wanamaliza mahindi yangu, nikawalimie?

Tena namba ya kibali ilikuwa hapohapo alipokata. Nimeiona shingoni mwa jembe, inasomeka vizuri.

Jumamosi Boma wanakagua bunduki. Kwa namba hiyo, bunduki yangu ni jembe.

Mnaopita dukani kwangu Kizwite, chekeni tu.

Simoni, utakwenda nami Boma ukaeleze? Ndiyo au hapana, Ijumaa kabla ya saa sita mchana.