Mama Alipokwenda Kuikagua Tanga

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini juu ya jambo lile alisema yote aliyokuwa nayo. Hamtoi binti yake akaishi pwani kwa watu asiowajua. Ila mama akienda Tanga, akaona kwa macho yake na kuridhika, basi na yeye ameridhika. Dada yangu alikuwa muuguzi huko Tanga na alikuwa ameposwa na karani wa bandarini, Mbondei, Mkristo kama sisi. Kwa hiyo ndoa yake yote ikawa mikononi mwa mama, mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kufika mbali kuliko soko la Same.

Mimi nilichukuliwa niwe mkalimani, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuulizia bei ya chumvi tu. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati, nikijiona mtu wa mjini kabla sijauona mji wenyewe. Tulishuka mlima kwa miguu hadi Same, tukapanda treni daraja la tatu, mama kakumbatia kapu la maharage na ndizi kana kwamba tunakwenda kwenye njaa. Kila nilipomsemesha alinijibu jambo lile lile, kwamba ataangalia kila kitu.

Nasema bila aibu kuwa niliipenda Tanga hata kabla sijashuka vizuri kituoni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, mkonge ulikuwa na soko, na mji ulikuwa umevaa ukapendeza. Baiskeli zilipita zikipiga kengele, wanawake walitembea na kanga zinazonukia udi, na hewa yenyewe ilikuwa nzito na ya uvuguvugu. Barabara za Ngamiani zilikuwa zimenyooka na kupewa namba ili hata mshamba asipotee. Mimi nilipotea siku ile ile.

Tulifikia kwa mama wa huyo karani, mjane mnene mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akapokea lile kapu kwa mikono miwili na kuyasifia maharage kabla hajatukaribisha kukaa. Mama hakutaka kusifiwa. Alianza kazi iliyomleta. Alifunua mtungi wa maji akanusa, akapitisha kidole juu ya kabati, akainama hata kuchungulia uvungu wa kitanda. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada yangu alikaa mkekani akijifanya anashona kifungo, na sindano ikamchoma mara mbili.

Mchana kikaja chakula. Sisi tumekuzwa kwa makande, na mlimani hakuna anayeyalalamikia. Lakini wali ule wa nazi! Na nguru wa kupaka, mzima, aliyechomwa kwa mkaa na kunyweshwa tui lenye ukwaju mpaka ngozi ikawa inang'aa. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Mama alimtazama yule samaki, samaki naye akamtazama mama, na mama akasukuma sahani. Mwenyeji wetu alikikata kichwa akakiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akatoa miiba kwa vidole, akazisogeza nyama nyeupe upande wa mama. Mama akaonja. Baadaye akaongezewa, akaongezewa tena, kisha akaniambia kwa Chasu, lugha yetu ya mlimani, nisithubutu kumwambia mtu kwamba amesifu.

Jumamosi jioni kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na tarabu ikatufikia mpaka barazani, fidla na ngoma na sauti ya mwanamke anayeringa. Mama ni Mlutheri wa kweli. Alisema zile ni mbwembwe za dunia, na alisema hivyo mguu wake ukiwa unapiga chini taratibu.

Jumapili baada ya ibada tukaenda baharini, upande wa Raskazone. Tulipita kwanza pale Wazungu walipojitengea mahali pao pa kuogelea, kana kwamba bahari ina vyumba. Mbele yake kulikuwa na mchanga wa watu wote. Watu walikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, wakicheka. Mimi nilikwisha kuvua viatu. Mama alisimama pale mchanga mkavu unapokwisha, asisogee.

Kwetu maji yana mwenyewe. Yanakusanywa usiku ndani ya ndiva, bwawa letu la udongo, na asubuhi yanafunguliwa yaende kwa mwenye zamu. Huingizi mguu humo, huchoti kwa chungu chenye masizi, na ukiwa mgeni unaomba kwanza. Mama akaniambia kwa Chasu, "Muulize mama huyu maji haya ni ya nani, na kama kuna mtu ametuombea."

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikamgeukia mwenyeji wetu nikasema, "Mama anasema bahari ni nzuri."

Alinitazama. "Mwanangu, mama yako hakusema maneno matatu. Amesema mengi. Niambie."

Nikamwambia yote, nikiinamisha kichwa, nikisubiri kicheko. Hakucheka. Alivua kandambili zake, akafunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Mwambie hayana zamu. Lakini mimi nimezaliwa hapa, na kama ni kuomba, basi namwombea mimi." Akatangulia kuingia, akageuka, akanyoosha mkono. Mama akaushika. Wakaingia wawili mpaka magotini, na wimbi lilipokuja mama akapiga ukelele wa msichana ambao sikuwahi kuusikia maishani mwangu. Akaonja maji, akatema, akasikitika kweli kweli kwamba maji yote yale hayawezi kumwagilia hata shina moja la mahindi.

Nilipomtazama dada yangu, nilijua amekwisha kuolewa.

Jumatatu pale kituoni mama aliuchukua mkono wa dada akauweka ndani ya mkono wa yule mama, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Tunza huyu." Wote wakalia, mimi nikacheka kwa furaha. Treni ilipoondoka mama hakunyamaza. Tulipita Muheza analia, tukapita Korogwe analia. Nikamuuliza kwa nini, na yeye mwenyewe ndiye aliyekubali.

"Nilikwenda kutafuta kasoro," alisema. "Moja tu ingetosha nimrudishe nyumbani. Nimetafuta siku nne."

Baba alitupokea mlangoni, akauliza kumekuwaje huko. Mama alimwambia ni watu wazuri. Kisha akachukua jembe akaenda shambani, akiwa bado na nguo zake za safari.