Kiti cha Mshairi

Elis Parri hakuwa mtu wa kulalamika, ila jambo moja lilimkera: viti vyake vilikuwa vinarudi bila kukaliwa. Kila mwaka kijiji kilimpa kazi ya kuchonga kiti cha mwaloni, zawadi ya mshindi wa mashairi, na miaka miwili mfululizo jaji alisema hakuna shairi lililostahili. Kiti cha kwanza sasa kilibebeshwa kapu la viazi jikoni. Cha pili alikitwaa paka.

"Mwaka huu kikirudi naacha," alimwambia mkewe, Lowri. "Nachonga majeneza. Hayo hayarudi."

"Kunywa supu yako, inapoa."

Alikichonga kama babu yake alivyochonga: mwaloni mbichi, vigingi vikavu, bila gundi, ili mti ukikauka uvibane wenyewe. Kwenye egemeo la kiti akachonga joka. Kimo alikipima kwa miguu yake mwenyewe, maana washindi wote wa bonde lile walikuwa wachimba mawe, wanaume warefu. Hakuna aliyewahi kupima vinginevyo.

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Jaji, mchungaji mpenda maneno, alizunguka kwa maneno weee, Elis roho juu. Hatimaye akasema, "Yupo anayestahili. Kwa jina la kificho amejiita Jivu la Jana. Tarumbeta ikilia, asimame."

Machozi yalimlengalenga Elis kwa furaha. Tarumbeta ikalia. Akageuka kuwatazama wachimba mawe kule nyuma. Nao walikuwa wanatazamana. Aliyesimama alikuwa ubavuni pake.

"Wewe?"

"Usinitolee macho. Nipishe nipite."

Lowri akapandishwa jukwaani, upanga wa sherehe ukanyanyuliwa juu ya kichwa chake, kama ilivyo desturi. "Kuna amani?" jaji akauliza mara tatu, na mara tatu ukumbi ukaitikia, "Amani!" Ndipo akaketi. Miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto kanisani, haigusi chini. Watu wakacheka chini kwa chini. Elis aliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana kimo cha mkewe alikijua tangu ujana wao.

Kiti kilipofika nyumbani, Lowri akakikalia tena. Elis akachukua msumeno.

"Weka chini huo."

"Napunguza miguu kidogo tu, ufike."

"Kiache hivyo hivyo, wakione. Mwakani utauliza kwanza ni nani anayeandika."

Elis akaweka msumeno chini. Akapiga magoti, akapima kwa kiganja nafasi kati ya viatu vya mkewe na sakafu.

"Kesho nakuchongea kigoda cha kuwekea miguu," alisema.

"Cha mwaloni?"

"Cha mwaloni." Akabaki pale pale, amepiga magoti. "Sasa nisomee hilo shairi. Sijawahi kukuomba."