Mama Skena Anasubiri Sura ya Kumi

Saa saba na nusu mchana, na Evalyne Mbithe anaupima mkate kwa kiganja.

Ni mkate wa slesi wa kawaida, bado uko ndani ya karatasi yake. Mwenye mkate, msichana wa kidato cha pili aliyevaa sweta mpya, anatazama Barabara ya Namanga kana kwamba malori ya simiti yamekuwa yakimvutia tangu utotoni.

"Mami," Mbithe anamwambia, "huu mkate umekula nini?"

Mbithe anafungua karatasi, anaondoa slesi tatu za juu, na chini yake, ndani ya shimo lililochongwa kwa ustadi ambao fundi seremala angeuonea wivu, imelala riwaya ya kurasa mia tatu na kumi.

Anaipangusa makombo. Anasoma nyuma ya jalada. Anatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari aliyeona ugonjwa anaoujua.

"Huyu mwandishi nilimsoma mwaka jana. Watu wanaoana ukurasa wa mwisho na hakuna mtu amefanya kazi hata siku moja. Afadhali ungeficha avokado."

Foleni yote inacheka. Msichana wa mkate anaandika jina lake daftarini na kusonga mbele, mkate wake ukiwa mwepesi zaidi.

Mbithe, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mlinzi wa lango katika shule moja ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Kitengela. Shule hiyo imeomba isitajwe jina, kwa sababu zinazohusu chapati na ambazo si za leo.

Leo wanafunzi wanarudi kutoka likizo ya nusu muhula. Masanduku mia sita na arobaini yatapita mezani pake kabla ya saa kumi na moja. Anayakagua yote kwa haki, lakini kila baada ya dakika chache anainua shingo kutazama mwisho wa foleni. Kuna sanduku moja analolisubiri, linalotoka Illasit, huko chini ya Mlima Kilimanjaro. Ndani yake anatumaini kuna sura ya kumi.

Wanafunzi humwita Mama Skena, kama ile mashine ya kukagulia mizigo. Wanaamini kwamba anaweza kujua sanduku lina simu kwa kusikia tu jinsi mwenyewe anavyomwamkia. Yeye hakanushi.

"Simu haina shida," anasema. "Simu unaandika, unafungia, umemaliza. Shida ni kitabu. Huwezi kuandika tu ati 'kitabu'. Kitabu gani? Kinasema nini? Deputi akiuliza, nimjibu aje?" Deputi ni naibu mwalimu mkuu.

Kwa sheria ya shule, riwaya yoyote isiyo ya mtaala hukamatwa, huandikwa katika daftari la ukaguzi, hufungiwa kabatini na kurudishwa siku ya kufunga shule. Daftari lina safu nne: tarehe, jina, kitu na maelezo. Safu ya maelezo ilikusudiwa rangi ya simu.

Katika miaka yake tisa langoni, Mbithe amesoma riwaya mia mbili na kumi na nne zilizokamatwa, na zote amezitolea maelezo.

"Simu, nyeusi, kioo kimepasuka," daftari linasema mahali pamoja. Mstari unaofuata: "Riwaya, kurasa 288. Mhusika mkuu analia sana. Atafute kazi." Chini yake: "Riwaya, haina jalada. Muuaji nilimjua ukurasa wa arobaini. Alikuwa mpole kupita kiasi."

Siku ya kufunga shule, wasichana huja kutia sahihi ili warudishiwe mali zao, na hapo ndipo husoma maelezo. Tangu siri hiyo itoke, idadi ya riwaya zinazofichwa imepanda. Yasemekana wapo wanaoficha vibaya makusudi ili wapate maoni bila kungoja.

Mbithe aliacha shule darasa la saba, karo ilipokwisha. Sasa hulipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, na chumba anachopanga Kitengela humeza elfu tano. Hajawahi kununua riwaya. Hajawahi kuhitaji.

Vitabu vya mtaala havisomi kamwe. "Kitabu ambacho hakuna mtu amewahi kujaribu kukificha, mimi nakishuku," anasema.

Hadithi za mapenzi huzivumilia kwa shingo upande. "Wanaume wa kwa hivyo vitabu wako na macho ya kijani na shamba la farasi. Hapa Kitengela mwanaume akikuja na farasi, tunamuuliza ameitoa wapi."

Anayoipenda kuliko zote aliikamata miaka mitatu iliyopita, ndani ya mto wa kulalia. Ilimhusu mjane aliyegombana na shemeji zake juu ya kisima. Aliisoma mara mbili na kuirudisha wiki moja baada ya shule kufunguliwa, pamoja na barua ya kuomba radhi. "Huyo mama halii. Shemeji wanapiga kelele, yeye anachota maji. Ukurasa mzima anachota maji tu, na mimi nilikuwa natetemeka."

Filamu ni kesi nyingine. Mbithe hutazama filamu siku za Jumamosi akiwa hana zamu, katika hoteli ndogo karibu na anakoishi, ambako runinga imetundikwa juu ya kabati la mandazi.

"Mara ya mwisho walikuwa wanaibia benki," anakumbuka. "Nilihesabu walinzi wanne wamekufa kabla chapati yangu haijafika. Wanne! Hakuna mwenye jina. Hakuna hata mwenye flaski ya chai. Sasa niambie, mlinzi gani huingia kazi bila flaski?"

Hilo ndilo lalamiko lake kubwa dhidi ya sanaa nzima, na hatanii. Katika vitabu na filamu, anasema, mlinzi ana kazi mbili tu: kulala au kufa.

Anajua kwamba si kweli kwa sababu ya baba yake. Mzee Kaveke alilinda bohari moja Athi River kwa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi alirudi, akamiminiwa uji, na kuwasimulia watoto yaliyotokea zamuni. Kwa kawaida hakukuwa kumetokea lolote. Mzee alisimulia hata hivyo: mbwa aliyepita, dereva aliyepotea njia, harufu ya mvua iliyoenda kunyesha kwa watu wengine.

"Ukiniuliza nani alinifundisha hadithi ni nini, ni yeye," Mbithe anasema. "Alikufa na ugonjwa wa sukari, hospitalini, akiwa na jina lake."

Yote haya yalikuwa maoni tu ya mlinzi mmoja, hadi mwanzoni mwa muhula huu, alipofungua pakiti ya sodo.

Pakiti ilikuwa ya Naserian Metito, mwanafunzi wa kidato cha tatu, msichana mrefu asiyesema sana. Wakaguzi wengi huona aibu kupekua pakiti za aina hiyo. Mbithe haoni aibu kazini. Ndani alikuta madaftari matatu yaliyoshonwa pamoja kwa uzi, yamejaa mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu. Ilikuwa riwaya. Sura tisa. Jina lake lilikuwa Lango la Usiku.

Sheria kuhusu maandishi ya mkono ni kali kuliko ile ya vitabu. Hukabidhiwa siku hiyo hiyo kwa naibu mwalimu mkuu, Mwalimu Gakuru, ambaye shule nzima humwita deputi. Yeye huyachoma Ijumaa kwenye shimo la takataka baada ya gwaride, na mwandishi hurudi nyumbani wiki mbili kumleta mzazi. Kusudi lilikuwa barua za mapenzi. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu angeandika sura tisa.

Mbithe aliyakamata madaftari hayo Jumatatu. Hayakufika kwa deputi Jumatatu, wala Jumanne.

"Hapo nilikosa, nakubali," anasema. "Nilisema nitaangalia ukurasa mmoja na chai."

Ukurasa huo mmoja ulikuwa na mlinzi. Mlinzi aliitwa Skena. Katika sura ya tatu alikoroma akiwa ameupa lango mgongo. Katika sura ya sita aliuza ufunguo kwa chapati mbili. Katika sura ya tisa wezi walikuja na lori kuiba mahindi ya shule, na Skena, kwa toba ya ghafla, akasimama katikati ya lango mikono mitupu, lori likimjia.

Mbithe aligeuza ukurasa. Hakukuwa na ukurasa.

Jumatano wakati wa mapumziko alimwita Naserian kibandani. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo vilevile.

"Wewe ndiye umeandika hii?"

"Ndiyo, yeyo," Naserian alijibu, kwa neno ambalo nyumbani kwao huitwa mama yeyote.

"Mimi hulala kazini?"

"Si wewe, yeyo. Ni mlinzi tu."

"Anaitwa Skena."

"Ni jina tu."

"Ako na kofia yangu."

Naserian aliitazama kofia. "Pole."

"Na chapati mbili! Mimi niuze ufunguo na chapati mbili?"

"Niweke ngapi?"

Mbithe aliliacha swali hilo lipite. Alikuwa na lake. "Hiyo lori inamgonga?"

"Nilikuwa nataka afe," Naserian alisema. "Kwa vitabu, soja wa lango hufa."

Mbithe alikaa kwenye kiti chake. Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia.

Kuyaficha madaftari kungekuwa rahisi; kabati ni lake na kufuli ni lake. Lakini daftari la ukaguzi halijawahi kudanganya kwa miaka tisa, na Mbithe hakutaka lianze na yeye. Kuyakabidhi nako kulimaanisha moto, na Naserian kusafiri hadi Illasit akiwa na barua ya kumwita mzazi. Alhamisi asubuhi alichukua kalamu na kujaza safu ya nne.

"Riwaya ya mkono, madaftari matatu, haijaisha. Nimekaa nayo siku tatu, kosa ni langu. Mlinzi ameandikwa vibaya, lakini nilishindwa kuiweka chini. Irudishwe kwa mwandishi afanye masahihisho."

Alibeba vyote viwili, riwaya na daftari la ukaguzi, hadi ofisini. Mwalimu Gakuru aliyasoma maelezo hayo akiwa amesimama. Kisha akauliza, "Kwani huyo mlinzi anafanya nini?"

"Soma, mwalimu," Mbithe alimwambia, akarudi langoni.

Ijumaa shule ilipanga mistari karibu na shimo. Barua kumi na moja za mapenzi zilichomwa, pamoja na pakiti moja ya karata. Kutoka langoni Mbithe aliona moshi tu, wala hakuweza kujua ni moshi wa nini. Bwenini, sanduku la Naserian lilikuwa limeshafungwa tayari kwa safari ya nyumbani.

Saa tisa alasiri Mwalimu Gakuru alifika kibandani kwa miguu, kitu kikiwa kwapani, kimefungwa kwa gazeti.

"Mama Mbithe," alisema, "ukurasa wa hamsini na mbili. Hii tumbo ni ya nani?"

"Ni ya deputi wa kwa kitabu, mwalimu."

"Ako na tai yangu."

Mbithe anasema hapo ndipo alipojua kwamba riwaya haijachomwa.

Naserian aliosha vyoo wiki moja kwa kosa la kuficha, na Mbithe alipewa onyo la mdomo kwa zile siku tatu. Madaftari yalirudishwa kwa sharti la masahihisho mawili. Mwandishi alikubali moja.

"Mlinzi nilimkosea," Naserian anasema. "Sijawahi kumwona Mama Mbithe akilala. Hiyo nilinakili kwa filamu, kabla hajanisimulia habari za babake na zamu zake. Lakini tumbo niliona mwenyewe."

Mwalimu Gakuru hakutaka kulizungumzia suala hilo. Hata hivyo, ameonekana akizunguka uwanja wa mpira asubuhi, mara nne.

Saa kumi kasoro robo, Naserian anafika mezani akiwa wa mwisho kwenye foleni, viatu vimejaa vumbi, sanduku kichwani. Ametoka Illasit kabla ya jua.

"Sopa, yeyo," anamwamkia kwa Kimaasai.

"Ipa. Fungua."

Safari hii hajaficha kitu. Daftari jipya liko juu ya nguo zote, limefunikwa kwa karatasi ya kaki. Mbithe analishika, analipima kwa kiganja kama mkate.

"Amekufa?"

"Soma."

"Nimekuuliza, kasichana."

"Yeyo, si wewe huandika ati mtu asimharibie mwingine mwisho?"

Mbithe anaguna. Anaandika tarehe, jina na kitu, kisha anafunga lango dogo na kumimina chai. Anasema akistaafu miaka minne ijayo angependa kukiona kitabu hiki kikiwa na jalada la kweli, dukani, na watu wakikificha kwenye mikate. "Kikichapishwa, nakala ya kwanza nitanyang'anya mimi. Hiyo hata deputi hatapewa."

Anafungua ukurasa wa kwanza wa sura ya kumi. Lori bado linakuja. Mlinzi bado amesimama katikati ya lango, ila sasa anaitwa Kaveke, na kando ya mguu wake wa kushoto, juu ya jiwe, pana flaski nyekundu ya chai ambayo bado ni moto.

Mbithe anausoma mstari huo mara mbili. Hageuzi ukurasa kwanza. Anavuta daftari la ukaguzi na kujaza safu ya nne.

"Flaski imeonekana," anaandika. "Aendelee."