Hodi Kwenye Waya

Hadi leo, mwanangu, siku ile haijanitoka. Nilikuwa na studio ya picha chini ya nyumba yetu, Kibokoni, na ndugu yangu Kassim alikaa ghorofani akitengeneza mfumo wake mwenyewe wa kuendesha kompyuta. Mfumo mchanga, leo anauunda, kesho anauvunja. Kuupakia kwa mkono kila mara kulimchosha, basi akaweka kompyuta moja iugawe kupitia waya wa mtandao: mashine ya majaribio ikiwashwa, inapiga hodi kwenye waya, inapewa mfumo, inaamka nao. Na kazi ya kwanza ya mfumo ule ilikuwa kufuta diski yote.

Jambo zuri, sikatai. Ila waya alioutumia ulikuwa wa nyumba nzima, na kompyuta yangu imo.

Adhuhuri stima ikapotea. Iliporudi, kompyuta yangu ikajiwasha. Ilikuwa ya mtumba, imetoka ofisi fulani, na huko ilipangwa itafute mfumo kwenye waya kabla ya kutazama diski yake. Ikapiga hodi, ya Kassim ikaikaribisha. Nikaona maandishi meupe nisiyoyajua yakipanda kwenye kioo.

"Kassim, hebu njoo uone kitu chako huku."

Alishuka mbio, akachomoa waya, akabaki ameushika. "Picha zimekwenda, dada," akasema.

Zilikuwamo harusi za watu, naam, lakini zilizotukata maini ni picha za mwisho za mama, tuliyemzika wiki chache tu kabla. Hazikuwa kwengine. Na kila baada ya alasiri baba alikuwa akishuka, akivuta kiti, akisema, "Haya, nionyesheni mama yenu."

Siku ile pia alishuka, akavuta kiti. Kassim akamweleza yote. Mzee hakugomba.

"Hata moja?" akauliza. Kisha baadaye sana, "Mtu akipiga hodi kwetu twamuuliza ni nani, Kassim. Wewe umefungua tu."

Basi nisikilize, wewe unayejifunza kazi hii. Kitu cha majaribio kipe waya wake peke yake. Kifunze kijibu mashine unayoijua tu, na kisiguse diski ya mtu kabla ya kuuliza. Na picha za mama yako ziweke pahala pawili, leo hii, usingoje kesho.

Mola akuzidishie elimu, aibariki mikono yako, na asikuonyeshe kamwe uso niliouona kwa baba alipouliza swali lile.