Kijana Asiyekula Senene

Babirye ni binti wa kaka yangu, na amekulia mikononi mwangu hapa Nyendo, Masaka, tangu pacha wake aliporuka. Kwetu pacha hasemwi amekufa. Huruka tu, akamwacha mwenzake. Nakato aliruka kwa selimundu kabla hajaota meno ya pili, na Babirye ana selimundu hiyohiyo. Ndiyo maana nimekuwa mtu wa kelele. Umekunywa maji? Umemeza dawa? Vaa sweta! Majirani wananiita Redio, nami sijali. Redio hii ikinyamaza, wajue wenyewe kuna nini.

Sasa ana miaka kumi na saba, mwembamba, macho ya njano, ulimi mkali kama wangu. Siku akiwa mzima husuka nywele za wasichana wa mtaa na kuwasengenya papo hapo wakiwa wameinamisha vichwa. Maumivu yakipanda hujikunja kitandani akauma leso, na hapo hata mimi huishiwa maneno.

Kliniki ya selimundu iko kila Alhamisi, na kwenye benchi la kliniki ndiko alikomkuta Kizza, kijana wa sekondari anayekaa na bibi yake ng'ambo ya mji. Nilikuwepo. Alimtazama mtoto wangu akasema, "Dada, hayo macho yanashinda taa ya bodaboda."

"Na yako? Ukiyafumba, Masaka nzima inaingia giza."

Wakacheka hadi muuguzi akawakemea. Tangu siku hiyo wakawa wanashindana kunywa maji. Kila mmoja na chupa yake, na atakayeshindwa atambebea mwenzake mkoba hadi barabarani. Mtoto niliyekuwa nikimfukuza na kikombe nyumba nzima akaanza kunywa bila kuambiwa! Niliona raha, sifichi. Redio ikapunguza sauti.

Wapo walioninong'oneza: wagonjwa wawili wa selimundu, wataishia wapi? Muuguzi mwenyewe alishanieleza kuwa watu kama hao wakizaa, watoto wote huumwa. Najua. Siku ya kuzungumza hilo ikifika tutakaa tulizungumze. Kwanza mtoto aishi.

Lililotupata ni jingine. Sisi Waganda, jina la mtu hukwambia ukoo wake; ukilisikia tu umejua kama huyu waweza kumpenda au ni ndugu yako. Lakini Babirye huitwa pacha wa kike yeyote aliyetangulia kuzaliwa, na Kizza huitwa yeyote anayezaliwa nyuma ya mapacha. Hayo ni majina ya koo zote. Basi wakapendana hivyo hivyo.

Novemba ikaja na mvua zake na senene wake. Alhamisi moja ambayo mimi sikuwepo, mama mmoja akapita kwenye benchi walipokaa wawili hao na beseni la senene wa kukaanga, akamwekea Kizza kiganjani bila kuombwa. Kizza akawarudisha upesi.

"Sili, mama."

"Huli? Basi wewe ni wa ukoo wa Senene."

Kizza akaitikia kwa kichwa. Mama yule akaomba radhi, akaenda zake.

Sasa sikiliza: ukoo wa Senene ni wetu sisi. Hatuwali, na hatuoani sisi kwa sisi. Mtu wa ukoo wako ni kaka yako, hata kama mmekutana leo asubuhi.

Babirye akanyanyuka benchini akaondoka. Alifika nyumbani akalala kifudifudi. Alhamisi iliyofuata akakataa katakata kwenda kliniki, kichwa kinamuuma, mara tumbo, mara mvua. Dawa nilimfuatia mimi, nikadhani anameza, kumbe anazitupia chini ya kitanda. Chupa ya maji ikakaa imejaa. Siku chache tu, maumivu yakamwangusha, tukampeleka amebebwa hospitali ileile yenye kliniki.

Wodini wakamtundikia dripu. Akageukia ukutani. Kikombe nikikiinua anafunga mdomo.

"Mwanangu, unataka kuruka na wewe?" nilimuuliza.

Hapo ndipo akalia. "Shangazi, nimempenda kaka yangu."

Akanieleza yote. Kijana yule yule aliyemfanya anywe maji ndiye nitakayemkataza! Na nikimkataza, huyu atakunywa kwa ajili ya nani? Lakini ukoo ni ukoo. Nikajifunga leso kiunoni nikashuka hadi kwenye benchi, maana ilikuwa Alhamisi.

Kizza aliponiona akachuchumaa kunisalimu. "Shangazi, shikamoo. Babirye yuko wapi? Mbona haji?"

"Subiri. Mimi ni shangazi yako?"

"Eh?"

"Nimekuuliza! Mimi ni wa Senene. Kama na wewe ni wa Senene, mimi ni shangazi yako kweli, na nina fimbo."

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Hapana, mama, nilikuita kwa heshima tu. Mimi ni wa Mbogo."

"Usinidanganye! Ulimwambia mwenye beseni wewe ni Senene."

Akainamisha kichwa. Utotoni, akasema, alitoroka kwenda kutega senene na wenzake, kwenye mvua. Baridi ile ikamwamshia maumivu, akalazwa karibu afe. Tangu hapo akisikia tu harufu yao mifupa inaanza kumuuma.

"Ukiwaambia watu hivyo wanakuonea huruma, wanakuuliza maswali," akasema. "Ukisema ni mwiko wa ukoo, wanakuacha."

"Mjinga wewe!" nikamwambia, machozi yananitoka. "Mjinga mkubwa! Baba yako nani? Babu yako?"

Akawataja mmoja mmoja, wote wa Mbogo, hadi mlima walikozikwa. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Nikamshika mkono nikampandisha ngazi.

Pale mlangoni nikamwacha, nikaenda kitandani. "Babirye, huyu ni wa Mbogo. Senene wanamtia maumivu tu, basi."

Hakugeuka. Mabega yalitulia kidogo. Kisha nikasikia sauti yake kavu, na moyoni nikasema huyu nimemlea vizuri.

"Na mama yake?"

Kwetu ukoo wa mama nao huulizwa, maana mama yake akiwa wa Senene bado hawaoani, nami kwa kelele zangu zote nilikuwa nimesahau. Nikamgeukia kijana. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Kima," akasema. "Mama yangu ni wa Kima."

Babirye akageuka polepole, uso umevimba kwa kulia, akamtazama kwa macho yale ya njano.

"Shangazi," akasema, "nipe maji. Na yeye mpe chupa yake, asije akasema nimeanza peke yangu."